Uliza Anko: Machinga, danga, chawa na maneno mengine ya mtaani

Mwezi uliopita tuliwaomba mtutumie maneno ya mtaani mnayoyasikia kila siku ila hamjui yametokea wapi. Mmetuma mpaka simu ya dawati imejaa, na mengine wala hayaandikiki humu, mnajijua mliotuma. Nimechagua yenye nyama, mengine nimeyamaliza kwa kifupi.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi mama wa watoto watatu, niko Morogoro. Binti yangu wa kidato cha tatu ananichanganya. Juzi kasema baba yake kapata mchongo, nikafurahi. Jana kaniambia viatu nilivyomnunulia ni vya mchongo, akanuna. Sasa mchongo ni kitu kizuri au kibaya?

ANKO: Marahaba mama, na hongera kwa mchongo wa mzee. Kotekote binti yuko sahihi. Angalia tu neno linavyokaa kwenye sentensi. Ukisikia mtu kapata mchongo, ana mchongo, kuna mchongo mahali, hiyo ni kazi, dili, njia ya kuingiza hela. Ila ukisikia kitu ni cha mchongo, viatu vya mchongo, daktari wa mchongo, ndoa ya mchongo, hapo ujue ni feki, kimetengenezwa ili kionekane tu. Hako ka "cha" na "wa" hapo katikati ndo kanageuza mambo yote.

Chimbuko ni moja, kuchonga, hiyohiyo ya seremala na ya wale wachonga vinyago wa Mwenge. Dili la mjini hulikuti limelala barabarani, lazima mtu akae alitengeneze, apige simu huku, amuone fulani kule, ampoze na yule wa getini, ndo maana vijana wakasema wanachonga dili, halafu dili lenyewe likawa mchongo, na leo ukimwambia mtu "nichongee basi na mimi hapo kwenu" anaelewa unaomba kazi. Hii maana ya feki imekuja baadaye sana, ya juzijuzi tu, na imetoka humohumo, maana kinyago nacho kina macho na mdomo ila ukikisalimia hakiitikii. Neno lina ndugu wengi hili. Mtu anayeongea sana nae anaambiwa aache kuchonga, na kuchongea, yaani kwenda kumsema mwenzio kwa bosi, hilo liko kwenye kamusi tangu enzi za babu zetu. Kuhusu viatu siingilii, malizaneni hukohuko.

SWALI: Kaka mhariri, mimi na jamaa yangu tuna fremu moja Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Yeye anasema machinga ni Kiingereza, "marching guy", kijana anayetembea kama anapiga kwata. Mimi nasema ni kabila. Tumewekeana kreti ya soda. Nani analipa?

ANKO: Jamaa yako alipe, na soda ziwe za baridi. Wamachinga ni watu kweli, wapo, kwao ni mkoa wa Lindi, wana lugha yao Kimachinga, na majirani zao ni Wamwera na wengineo wa pwani ile ya kusini.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1984 serikali ikalegeza, ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana hizo fedha kazitoa wapi, maduka yaliyokuwa yamebaki na rafu tupu yakaanza kujaa, na mitumba nayo ikaingia kwa nguvu. Sasa bidhaa zikiwa nyingi anatakiwa mtu wa kuzitembeza, na vijana wengi waliobeba hiyo kazi walitoka kusini, ambako ajira hakuna na barabara yenyewe ilikuwa balaa, Rufiji wanavuka kwa kivuko pale Ndundu maana Daraja la Mkapa limekuja kufunguliwa 2003. Wanafika Dar wanaanza na soksi, mikanda, saa za mkononi, mtaji wote uko begani. Watu wa Dar wala hawakuwa na muda wa kuuliza huyu Mmwera yule Mmakonde, wote wakaitwa Wamachinga, na tusidanganyane, mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Baadaye jina likaacha kabila likahamia kwenye kazi, leo Mchaga akitembeza soksi ni machinga, Mhaya akitandika turubai pale Karume ni machinga.

Hii hadithi ya "marching guy" imeshonwa nyuma, na naona kwa nini watu wameipenda, ni kwa sababu haina kabila ndani yake, mtu anaisema kwenye semina bila kumkwaza yeyote. Ila jiulize mwenyewe, Kariakoo ya miaka hiyo nani alikuwa anamuita muuza soksi "guy"? Halafu Malawi kuna wilaya nzima inaitwa Machinga, nao utawaambia wanapiga kwata? Siku hizi neno limepanda cheo, kuna jengo zima la Machinga Complex pale Ilala, na Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya shilingi 20,000 kila mtu alivijua kama vitambulisho vya machinga hata kama juu viliandikwa wajasiriamali.

SWALI: Mdogo wangu, mimi ni konda mstaafu, nakaa Mbagala. Wajukuu zangu hawaamini kwamba daladala ni jina la hela. Wanasema babu unatunga. Waambie wewe labda watakuamini.

ANKO: Shikamoo mzee wangu. Wajukuu, babu hatungi.

Dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano. Na jina hilo lenyewe ni dola, la tangu enzi za mkoloni, maana kati ya 1940 na 1949 pauni moja ya Mwingereza ilikuwa dola 4.03 za Marekani na pauni ni shilingi ishirini, sasa gawanya uone, dola moja inaangukia kwenye shilingi tano kasoro kidogo. Dola ikaja kupanda ikatuacha mbali lakini tano ikabaki dala. Mwaka 1983 UDA, lile shirika la mabasi ya umma la Dar, ikiwa imezidiwa kabisa, watu wananing'inia madirishani, serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar kihalali, na nauli ikawa hiyo tano, basi makonda wakawa wanaita "dala! dala!" mlangoni. Hao makonda ndo kina babu yenu.

Kabla ya hapo, mzee utanisahihisha, kulikuwa na zile pikapu za kubeba abiria zilizoitwa chai maharage, kwa sababu mmekaa kwenye mabenchi mnatazamana kama mko kwa mama ntilie. Na mama ntilie mwenyewe ni "mama nitilie", ndo unavyosema ukiwa umenyoosha sahani yako. Wakubwa wakaona halina heshima wakaleta mama lishe, ila sijawahi kuona mtu mwenye njaa anasema naenda kwa mama lishe.

Wala Dar hatuko peke yetu kwenye hili la nauli. Nairobi matatu inatokana na senti thelathini za miaka ya 60, yaani vile visarafu vya senti kumi kumi vitatu. Bodaboda nayo ni mpaka, kule Busia baina ya Kenya na Uganda watu wa baiskeli walikuwa wanakuvusha kutoka kituo cha forodha cha huku mpaka cha kule, wakiita "boda, boda", kwa hiyo pikipiki zilipoingia zilikuta jina tayari lipo. Bajaji ni kampuni tu, Bajaj ya India, hakuna cha kutafuta zaidi. Na mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar, Mei 2016, serikali ilikuja na majina yake marefu, watu wakasema mwendokasi, kwisha.

Ila kilichonifurahisha kwenye barua yako mzee ni yale maneno ya kazini uliyoorodhesha. Suka ni dereva. Hesabu ni ile hela ya tajiri ambayo lazima ipatikane jioni, mvua inyeshe jua liwake. Deiwaka ni yule asiye na gari lake maalumu, anaokoteza siku, leo kampokea fulani anayeumwa kesho kampokea mwingine, na hilo ni Kiingereza cha mfanyakazi wa siku kilichopigwa pasi na Kiswahili mpaka hakijulikani tena. Na mpiga debe, lile debe la mafuta ya taa kweli, unaligonga watu wageuke, leo wanasiasa nao wanapigiana debe na hakuna hata mmoja amewahi kushika bati.

SWALI: Anko, mimi dada wa Mwanza. Naomba unipange: danga, kibenteni, fataki, mchepuko, mashangazi. Nani ni nani? Nikiuliza wenzangu ofisini wanacheka.

ANKO: Wanacheka kwa sababu kila mmoja ana wake. Kaa nikupange.

Danga ni mwanaume mwenye hela ambaye dada anatoka nae kwa ajili ya hizo hela, mapenzi hayamo kwenye bajeti, na dada mwenyewe ndo mdangaji. Wengi wanadhani neno limezuka Instagram. Hapana. Kudanga ni Kiswahili cha zamani kabisa, ni kuchota kitu cha majimaji kidogokidogo kwa uangalifu, maji yaliyobaki chini ya kisima yasije kuchanganyika na tope, au mafuta yanayoelea juu ya maji. Ukilijua hilo ndo unaona mtu aliyelihamisha neno alikuwa anajua anachofanya, maana mdangaji mzoefu hakombi siku moja. Leo kodi ya pango, keshokutwa wigi, mwisho wa mwezi mama yake kijijini anaumwa. Kidogokidogo, kwa uangalifu.

Fataki ni tofauti na danga na naomba msiwachanganye, fataki anawinda wanafunzi. Neno lenyewe ni la kile kinacholipuka, fataki za sikukuu, na lilisambazwa na redio. Kuanzia 2008 kulikuwa na matangazo ya kampeni ya afya, jibaba linamtega binti wa shule na dakika ya mwisho mtu wa mtaani anaingilia kati, likapigwa kila siku mpaka jibaba lolote la tabia hiyo likawa fataki, hata mtoto wa darasa la pili anakuonyesha kwa kidole "yule fataki". Ni mara chache sana maneno yanayotungwa na watu wa kampeni yanakubalika kijiweni, mengi yanafia kwenye mabango. Hili lilikubalika kwa sababu lilikuwa linamdhalilisha anayestahili.

Mchepuko ni neno la barabarani. Barabara ikiwa inatengenezwa magari yanatolewa njia kuu yanapitishwa pembeni kwenye vumbi, hiyo ni njia ya mchepuko. Watu wa ndoa wakalichukua lilivyo, mpenzi wa pembeni akawa mchepuko, ndipo ukaja ule usemi wa baki njia kuu, michepuko si dili. Zamani tulisema nyumba ndogo, ila nyumba ndogo ilikuwa na heshima zake, kuna chumba, kuna sufuria, pengine na watoto. Wakenya wao wana mpango wa kando, na mwenye hela wanamuita sponsa au mubaba.

Ukigeuza upande, mwanamke mkubwa mwenye uwezo akitoka na kijana, kijana ni kibenteni. Hili limetoka kwa Ben 10, ile katuni ya Marekani ya mtoto wa miaka kumi mwenye saa ya kumgeuza mazimwi, utani wenyewe ukiwa ni huo umri, na Afrika Kusini wanalitumia hivyohivyo. Kabla yake tulikuwa na serengeti boi, kutoka kwa timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, maana unaiona ilivyo, ni umri tena. Na mashangazi ndo hao wanaowalea. Sasa hili la mwisho mimi linanikera, shangazi kwetu ni mtu mzito, ndiye anayekaa na binti kabla ya harusi, leo dada wa baba yangu akiitwa shangazi mbele za watu vijana wanakonyezana. Lakini nikere nisikere limeshapita.

SWALI: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, mimi na mke wangu tumezaliwa Tanga. Watoto wetu wanaongea Kiswahili cha nyumbani vizuri tu ila wakija likizo wanapotea kwenye hela. Mara jero, mara buku, mara msimbazi. Tusaidie kaka.

ANKO: Wa alaykum salaam. Waandikie kwenye karatasi: jero ni mia tano, buku ni elfu moja, na kuanzia hapo unahesabu tu, buku mbili, buku tano. Elfu kumi ni teni au msimbazi. Msimbazi kwa sababu noti ni nyekundu, na wekundu ni Simba, na makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mtu wa Yanga nae anaitaka hiyohiyo, rangi haimsumbui siku ya mshahara. Hela kwa ujumla wake ina majina mpaka unachoka, mkwanja, mshiko, chapaa, mpunga, ngawira, ila wakijua hayo matatu ya mwanzo hawaibiwi na konda.

Na kabla watoto hawajatucheka kwamba Bongo tunaongea kihuni, waulize hapo Muscat riali moja ina nini ndani yake. Ina baisa elfu. Hiyo baisa na pesa yetu ni baba mmoja mama mmoja, paisa ya Kihindi iliyovuka bahari na majahazi, wengine ikashuka kwao wengine ikashuka kwetu. Mjerumani alipoitawala Tanganyika alikuta watu wanasema pesa, akatengeneza sarafu akaziita pesa, 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 akabadilisha, rupia ikawa na heller 100, na heller ndo hii hela. Mjerumani mwenyewe kaondoka, Mwingereza kaleta shilingi mwaka 1921, heller haijulikani tena hata ilikuwa na sura gani, na bado ukienda sokoni Tanga muuza samaki anakuuliza una hela? Ndo ilivyo pia Kenya na noti yao ya mia tano wanayoiita jirongo, ni kwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa lile kundi la YK'92 lililompigia debe Rais Moi uchaguzi wa 1992, kampeni ilimwaga hizo noti mpaka zikachukua jina lake. Uchaguzi umeisha zamani, jina bado linanunulia unga.

SWALI: Mhariri habari. Niko ofisi fulani Dodoma. Meneja wangu kwenye kikao kasema mimi ni "chawa wake namba moja". Watu walipiga makofi. Nishukuru au niandike barua?

ANKO: Inategemea umeongezwa mshahara au la.

Chawa ni mdudu wa nguo chafu, anakaa kwenye mshono, anafyonza. Huku mtaani ni mtu anayemganda mwenye cheo au mwenye jina, anamsifia asubuhi mpaka usiku, anawatukana maadui zake kwenye mitandao bila kutumwa, na yeye anaishi kwa makombo. Kazi hiyo si mpya, zamani aliitwa mpambe. Kilichobadilika ni aibu. Mpambe ukimuita mpambe alikuwa anakasirika, chawa siku hizi anajitambulisha mwenyewe, kifua mbele, mimi ni chawa wa fulani, na kuna wanaolifanyia kazi hilo kabisa.

Mimi kinachonishangaza kwenye neno hili ni kwamba wadudu wanyonyaji tunao kwenye siasa zetu tangu zamani ila walikuwa wanakaa upande mwingine. Miaka ya 60 na 70, enzi za Azimio la Arusha, mdudu aliyesemwa alikuwa kupe, na kupe alikuwa ni mkubwa, tajiri, bepari, mwenye nyumba, anayemnyonya mkulima kwa mirija. Matajiri wapya wa serikalini wakaitwa wabenzi kwa zile Mercedes-Benz zao, na wengine naizi, kwa sababu walipata vyeo kwenye ile naizesheni ya kuwaweka Waafrika ofisini baada ya uhuru. Mnyonge ndo alikuwa ananyonywa, na aliitwa kabwela. Sasa hivi picha imegeuka juu chini, mdudu ni yule mdogo, na anayenyonywa eti ni mkubwa, tena anapenda, anawafuga. Nadhani hata Mwalimu angeomba aelezewe mara mbili.

Kuhusu barua, usiandike. Ila kikao kijacho pinga kitu kimoja, hata kidogo tu, hata muda wa chai.

SWALI: Kausha damu ni nini hasa? Na je kikoba ni kausha damu? Niko Tabora, mke wangu kajiunga na sijaelewa.

ANKO: Kikoba sio kausha damu, tulia. Kausha damu ni ile mikopo ya harakaharaka, riba inakwenda kwa wiki au hata kwa siku, dhamana ni vitu vya ndani, na ukichelewesha marejesho wanakuja kubeba godoro, TV na jiko la gesi majirani wakiangalia. Mingine iko kwenye simu, ukikwama wanawapigia watu wote ulionao kwenye majina yako, mpaka mkwe. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu za mikopo ambazo hazina leseni, kabla hujabonyeza kitu angalia hapo kwanza.

Kikoba ni chenu wenyewe, mnaweka hisa, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnagawana na faida. Mtindo wenyewe asili yake ni Niger, mradi wa wanawake ulioanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Na jina limekaa vizuri kwa bahati tupu. VICOBA ni kifupisho cha Kiingereza cha benki za kijamii za vijijini, lakini sikio la Mswahili lilisikia vikoba, mikoba midogo, na moja ikawa kikoba, na sasa hakuna atakayekuamini ukimwambia hilo ni Kiingereza. Mwache mama aweke hisa.

SWALI: Anko kwa nini shida inaitwa msala? Dogo wa Buguruni.

ANKO: Msala ni mkeka wa kuswalia, ila ukisema naenda msalani watu wanajua unakwenda chooni. Sasa wewe ukiambiwa umepata msala, unadhani ni upi kati ya hiyo miwili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Kasulu. Mwanafunzi kwenye insha kaandika "wazazi wasichakachue malezi". Mwingine kwenye barua rasmi ya kuomba kucheleweshewa mchango wa chakula kaandika "nyumbani vyuma vimekaza". Mwalimu mwenzangu anasema wote nikate alama. Wewe unasemaje?

ANKO: Mwalimu pole na kazi. Huyo wa kwanza usimguse, umekutana na mtu anayejua kuandika.

Kuchakachua kulianzia kwenye mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, bei yake chini, wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli na petroli, unajaza tanki vizuri tu na risiti unapewa, gari inakufa njiani, fundi ananusa anakwambia umewekewa mafuta yaliyochakachuliwa. Ilikuwa kero mpaka EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wakipima wajue kama yameguswa, na bajeti ya 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe, ambapo aliyeumia ni bibi wa kijijini mwenye kibatari ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Katikati ya hayo ukaja uchaguzi wa 2010, na kabla kura hazijamaliza kuhesabiwa watu walishaanza kusema zimechakachuliwa. Kutoka hapo likaenda kwenye vyeti, kwenye asali, kwenye maziwa. Leo matangazo ya serikali yenyewe yanaandika uchakachuaji, kwa hiyo mtoto akisema mzazi anachakachua malezi, yaani kamlea mwanae kwa kuchanganya na vitu vya bei rahisi, simu badala ya mazungumzo, sasa hapo unakata nini? Mpe alama zake zote.

Huyo wa pili ni suala la mahali. Vyuma vimekaza ni maneno ya fundi, nati imeshika haifunguki, na yalishika kasi kuanzia 2016 hivi, hela ilipopotea mifukoni watu wakawa wanatafutana grisi. Kijiweni linasema kila kitu kwa maneno mawili. Kwenye barua ya kwenda kwa mkuu wa shule halikai, mfundishe aandike kwamba hali ya uchumi nyumbani si nzuri, kata alama moja ya mtindo, isizidi hapo. Halafu kabla hujamrudishia daftari muulize hiyo barua ni zoezi au ni ya kweli, maana kama ni ya kweli, haikutakiwa kuja kwako kusahihishwa, ilitakiwa iwe mezani kwa mkuu tangu wiki iliyopita.